Kunjo la Nane

Kwa miaka ishirini na sita Mama Dokta alisoma vitabu visivyo na idadi, na hakuna hata kimoja alichokisoma chote.

Usimcheke. Kazi yake ndiyo iliyomsomesha hivyo. Alikuwa mkunjaji kwenye karakana ya kujalidi vitabu, nyumba ndefu yenye paa la bati na madirisha ya juu juu, ambako karatasi hufika kutoka kwa mpiga chapa zikiwa bado pana kama shuka la kitanda cha mtoto. Kila karatasi ina kurasa kumi na sita, nane mbele na nane nyuma. Wanawake wanane hukaa kwenye meza moja ndefu, na kila mmoja ana karatasi yake. Wa kwanza hukunja kurasa za mwanzo, wa pili zinazofuata, hivyo hivyo mpaka wa nane, ambaye ndiye mwenye mwisho wa kitabu. Unakunja mara tatu, kila mkunjo unaupiga pasi kwa kipande cha mfupa, na hapo umepata kunjo moja. Kisha unaanza tena lile lile. Mara elfu tatu.

Mama Dokta alikaa kiti cha tatu. Kwa hiyo katika kila kitabu yeye alijua ukurasa wa thelathini na tatu mpaka wa arobaini na nane, basi. Alijua wachumba wakiwa wameshagombana, hakujua walikutanaje. Alijua mgonjwa akiwa kitandani, hakujua kama aliamka. Na hata hizo kurasa zake, nusu yazo hukaa kichwa chini miguu juu kabla karatasi haijakunjwa. Lakini mtu hakosi kujifunza. Macho yake yalishazoea kusoma maandishi yaliyopinduka huku mikono inakwenda yenyewe, na msimamizi akipita humkuta ameinamia kazi kama mtu wa sala.

Chakula cha mchana ndicho kilichokamilisha vitabu. Wakishanawa, kila mmoja husimulia kunjo lake kwa zamu, wa kwanza hadi wa saba. Wa nane hafungui mdomo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya meza, waliikuta na wataiacha: mwenye mwisho hufunga mwisho wake moyoni mpaka siku ya kukusanya, siku makunjo yote manane yanapopangwa juu ya meza na wanawake wanaizunguka wakiokota moja moja kufanya kitabu. Wa nane akiropoka kabla, anaosha vikombe vya wote mwezi mzima.

Na kiti cha nane alikaa wifi yake. Ndugu wa marehemu mumewe, tumbo moja. Walianza kazi mwaka mmoja, wakafiwa mwaka mmoja, yeye na mume, mwenzake na kaka. Siku za ibada walikwenda pamoja, na mvua ikinyesha walijifunika mwavuli mmoja. Watu wakisema wifi na wifi ni paka na panya, wao wawili walicheka.

Hilo jina la Mama Dokta lilikuwa na miaka yake tisa. Mwanawe wa pekee alipata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea udaktari, na siku alipoondoka meza nzima ilipiga vigelegele mpaka msimamizi wa wakati ule akatoka ofisini akidhani kuna moto. Mwaka wa kwanza kijana alipiga simu kila Ijumaa. Wa pili pia. Mama mtu akija kazini siku ya pili yake, anasimulia: kapiga, amekula hiki, amefaulu kile, kule baridi inakata masikio. Wenzake wakimngoja kama wanavyongoja kitabu kipya.

Kisha simu zikawa za mwezi kwa mwezi. Kisha za miezi. Miaka minne sasa, hakuna. Hakufa, maana kuna mtu alimwona dukani huko, amenenepa, anasukuma kigari cha mtoto. Aliulizwa habari za nyumbani akasema, "Wazima." Basi. Mpaka leo mama yake hajui kama udaktari wenyewe aliumaliza.

Lakini Ijumaa haikuacha kuja. Na Jumamosi ya kwanza baada ya simu kukatika kabisa, Kifupi wa kiti cha kwanza, mwanamke wa maneno mengi na miguu isiyofika chini akikaa, aliuliza, "Enhe, dokta wetu anasemaje?" Mama Dokta alikuwa na tonge mkononi. Akasikia mdomo wake wenyewe unasema, "Anawasalimu nyote." Neno moja tu, la kupitisha siku. Wiki iliyofuata likaomba mwenzake. Mwaka wa pili kijana alikuwa ameshakuwa bingwa wa moyo.

Sasa kikaja kile kitabu.

Jalada hutengenezwa kwingine, kwa hiyo mezani vitabu havina majina, wenyewe huvibatiza. Hiki walikiita Bi Funguo. Kilikuwa kitabu cha kutisha, cha kukufanya uangalie nyuma yako mchana kweupe, na anayekisimulia ni mwanamke mwenyewe, anasema mimi, mimi, mimi, toka mwanzo. Ana nyumba kubwa aliyorithi, anapangisha vyumba, na kiunoni ana funguo kumi na mbili. Chumba kimoja cha nyuma hakipangishwi. Mle, anasema, yumo mdogo wake wa kike, mgonjwa, asiyetaka mwanga wala watu. Asubuhi na jioni Bi Funguo humpelekea chakula kwenye sinia. Halafu vitu ndani ya nyumba vinaanza kuhama mahali pake, wapangaji wanasikia nyayo, na mpangaji mmoja mgeni anaanza kuuliza maswali.

Kunjo la tatu lilikuwa na Bi Funguo amekaa sakafuni nje ya kile chumba, anazungumza na mdogo wake kupitia mlangoni. Wanakumbushana utoto wao, jinsi walivyokuwa wakisukana nywele. Mdogo mtu anamwambia, "Dada, usiniache." Mama Dokta alizikunja kurasa zile mara elfu tatu, na mara elfu tatu aliusoma mstari ule.

"Mimi yule mama simwogopi," alisema siku ya kwanza ya masimulizi. "Namwonea huruma. Analea mgonjwa peke yake, na watu badala ya kumsaidia wanamchungulia."

"Ngoja," alisema Bi Miwani, wa kiti cha tano. Huyu alikuwa mtu wa kusoma mpaka karatasi za kufungia sabuni, hana haraka, na akianza kuvua miwani ujue kuna mtu anaumbuka. "Kwenye kunjo langu sinia linarudi tupu, Bi Funguo analiosha, halafu anasema: *nikafuta mdomo wangu.* Wake. Sasa aliyekula nani?"

"Labda alionja."

"Kila siku?"

"Mgonjwa hamalizi chakula, Bi Miwani. Wewe hujauguza?"

"Nimeuguza mama mkwe miaka sita, dada, tena alikuwa akimaliza chake na kuulizia changu." Meza ikacheka. "Mimi nasema mle chumbani hamna mtu."

Mama Dokta aliweka kikombe chini. "Hamna mtu vipi? Mdogo wake anajibu! Nimesoma kwa macho yangu haya. Anamwambia dada usiniache."

"Anajibu kwa mdomo wa nani?" Bi Miwani akavua miwani. "Kitabu kizima anasema yeye. Mlango umefungwa, funguo ziko kiunoni kwake, mdogo mtu hakuna aliyemwona wala kumsikia isipokuwa yeye. Mwenye kusema peke yake nani atamkosoa?"

"Kama simu za Ijumaa," akasema Kifupi.

Alisema kwa kuteleza tu, ndivyo alivyo, ulimi wake hutangulia kisha yeye hufuata. Lakini hakuna aliyecheka. Mmoja alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Bi Miwani akavaa miwani yake haraka na kumpiga Kifupi teke chini ya meza, na kwa vile miguu ya Kifupi haifiki chini, teke likampata wa kiti cha pili, akapiga ukelele.

Mama Dokta aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyemtazama. Wifi yake, mwisho wa meza, alikuwa anasugua kipande chake cha mfupa kwa kanga kama kina doa.

Ndipo alipojua. Walijua. Tena si jana wala juzi. Miaka minne alikuwa akiwasimulia na wao wakimsikiliza kama wanavyosikiliza kitabu, wanaitikia enhe, wanauliza ikawaje, na kila mmoja kunjo lake la ukweli amelikalia.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, walisema wazee. Sasa fikiria maiti aamke akute waosha saba wamemzunguka.

Alirudi kukunja. Siku ile alikunja karatasi arobaini kinyumenyume.

Wiki ile ile mashine ililetwa. Ilishushwa mchana, ikasimamishwa kona ya karakana chini ya turubai la kijani, na yeyote aliyepita karibu alilinyanyua pembe kidogo akachungulia. Ilikuwa mashine ya kukunja. Msimamizi, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, aliwaita mezani akasema isiwatishe, itaanza na kazi ndogo ndogo, wengi watabaki. Atakayepunguzwa kwa sasa ni mtu mmoja.

"Nani?" akauliza Kifupi.

Msimamizi alitazama kalamu zake. "Nitaangalia waliochoka. Kati ya wakongwe wetu wawili."

Wakongwe walikuwa wa tatu na wa nane. Mama Dokta kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimekakamaa, asubuhi hukikanda kwa maji ya moto ndipo kinakunjika. Wifi yake macho yalikuwa yanamwaga machozi akitazama nyeupe muda mrefu. Kwa kazi walilingana. Basi ilibaki kuangaliwa nani ana pa kuangukia. Wifi alikuwa na wajukuu watatu aliobwagiwa na binti yake. Na Mama Dokta, dunia nzima ilijua, alikuwa na mtoto daktari ng'ambo, bingwa wa moyo.

Alikaa na jambo hilo usiku mmoja na mchana mmoja. Alimwomba Mungu amwonyeshe njia isiyopita ofisini. Haikuwapo. Chumba chake kilikuwa kimoja, cha kupanga, kitanda, jiko na kiti, na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kusikiliza habari za mashine. Akiacha kazi hii, na gumba hili, nani atampa nyingine? Kitu kimoja tu kingemwokoa, nacho ni kwenda kusema: sina mtoto anayenitunza. Hapigi. Nilisema uongo.

Akajipa moyo: mezani wanajua tayari. Aibu imeshaiva, imebaki kuipakua.

Siku ya kukusanya aliingia mapema, makunjo yakiwa yameshapangwa marundo manane mezani kama matofali. Akapita moja kwa moja mpaka ofisini, akabisha.

"Karibu, mama. Kaa."

"Sikai, mwanangu. Nimekuja kusema neno." Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. "Mwanangu hapigi simu. Miaka minne sasa. Sijui anakaa wapi, na hajawahi kuniletea kitu. Yale yote ninayosema, nayatunga. Nina mikono yangu tu. Usiniondoe."

Alikuwa ameyarudia maneno yale njia nzima, na sasa yametoka, akajihisi mwepesi.

Msimamizi alimwangalia kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyomwua.

"Mama," alisema taratibu, "mimi nakuelewa. Hakuna anayependa kuacha kazi. Lakini usijivunjie heshima kiasi hicho. Usimkane mtoto."

"Simkani. Yeye ndiye..."

"Mwaka jana mwanangu mdogo alikohoa wiki tatu. Umesahau? Nilikuomba umuulize daktari wako. Ijumaa alipopiga ukamuuliza, na siku ya pili ukaniletea chupa ya dawa na maelezo yote, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, afunikwe kifua. Mtoto akapona kwa siku nne. Mke wangu mpaka leo akisali anamtaja daktari yule. Leo uniambie hayupo?"

Mama Dokta aliikumbuka ile chupa. Ile dawa aliinunua mwenyewe kwenye duka la dawa la kona, muuzaji ndiye aliyemwambia kijiko asubuhi na jioni. Kifua kufunikwa aliongeza yeye, maana ndivyo alivyomfunika wake.

"Ile dawa niliinunua mimi," alisema.

"Mama."

"Wallahi nakuapia."

"Usiape, mama. Wewe ni mtu wa ibada." Msimamizi alishusha sauti, kana kwamba anamsitiri. "Wenzako hawana kitu. Wewe Mungu amekupa. Waachie nao."

Hapo ndipo alipopata wazo, na alilishika kama mtu anayezama. "Muulize wifi. Ni shangazi yake, damu yake. Yeye anajua."

Wifi aliitwa. Alisimama mlangoni, mikono yake imejaa vumbi jeupe la karatasi, akakataa kuingia zaidi ya kizingiti. Msimamizi akamuuliza waziwazi: wifi yako anasema kijana hapigi simu, miaka minne sasa. Ni kweli?

Wifi alimtazama Mama Dokta mara moja. Macho yale yalikuwa yanamwaga maji, lakini hayo yalikuwa macho yake ya siku zote, nayo huwezi kuyasoma. Kisha akatazama sakafu.

"Mimi simu hiyo haiji kwangu, bwana," alisema. "Ninachojua ni anachosema mwenyewe. Na yeye kila Ijumaa anasema kapiga."

"Kila Ijumaa?"

"Hajakosa hata moja."

Hakusema uongo hata neno moja. Huo ndio uchungu wake. Ungeweza kumweka mbele ya kitabu kitakatifu akarudia vile vile.

"Asante, mama, rudi kazini," akasema msimamizi, naye akachukua kalamu moja kati ya zile tatu.

Walikusanya mpaka mchana. Ukikusanya, wanawake wanane wanafuatana kuizunguka meza, kila mmoja anaokota kunjo la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la nane, anaweka kitabu pembeni, anaanza tena. Yule anayetembea mbele yako unamwona kisogo tu. Mama Dokta alitembea nyuma ya wifi yake saa nne nzima. Alikijua kisogo kile. Alikuwa akikisuka.

Walipokaa kula, Kifupi, ambaye hakujua la ofisini, akapiga kijiko kwenye kikombe. "Haya, siku imefika. Mwenye mwisho atupe mwisho! Mle chumbani mna mtu, hamna mtu?"

"Hamna," alisema wifi.

Bi Miwani akajiegemeza, mnene kwa furaha.

"Mdogo mtu aliondoka zamani," wifi aliendelea. Alisimulia kama anasoma orodha, hakumtazama mtu. "Hakuumwa wala nini. Alitoka mchana mmoja na kifuko chake, hakugeuka nyuma. Bi Funguo akaona aibu kuwaambia watu kaachwa. Ndipo akasema yumo ndani, mgonjwa. Sasa yule mpangaji akaleta askari, mlango ukavunjwa, chumba kitupu, kitanda kimetandikwa. Wakamuuliza yuko wapi. Akawaambia ukweli: aliondoka mwenyewe."

"Wakamwachia?" akauliza wa kiti cha pili.

"Wakachukua majembe. Wakaanza kuchimba ua kutafuta maiti."

"Maskini!" alisema Kifupi. "Kwa hiyo siku aliyosema kweli ndiyo siku waliyokataa kumwamini?"

"Shimo alilichimba mwenyewe," alisema Bi Miwani. "Mficha uchi hazai. Miaka yote anawalisha maneno, wajueje hili la leo ni chakula na lile la jana lilikuwa makapi?"

"Kimeishia hapo?" Mama Dokta aliuliza.

Wifi alichovya mkate kwenye chai. Ukakaa humo mpaka ukakatika. "Kimeishia hapo."

Mwisho wa mwezi Mama Dokta, kwani ndiye aliyepunguzwa, alimkabidhi msimamizi kile kipande cha mfupa, kilichokuwa kimelika upande mmoja kwa umbo la gumba lake. Akakataa kukipokea, akasema ni chake, aende nacho. Meza ilichanga wakampa kitenge. Na kwa desturi ya karakana anayeondoka hupewa kitabu kimoja kizima, kilichoshonwa, chenye jalada, na kwa vile Bi Funguo ndiye aliyekuwa ametoka karibuni, wakampa Bi Funguo.

Ilikuwa mara ya kwanza kuliona jalada lake. Lilikuwa na jina jekundu lililochuruzika kama damu, na picha ya msichana wa miaka ishirini amevaa gauni jembamba, ameshika mshumaa. Alicheka peke yake kwa kuudhika. Bi Funguo hakuwa hata siku moja na umri ule wala gauni lile. Bi Funguo ana kisigino kilichopasuka, kwenye ukurasa wa arobaini na moja anakipaka mafuta.

Alikisoma siku tatu, mchana, kwenye kiti kile kimoja, mlango wazi kwa ajili ya mwanga. Kurasa zote sasa zilikaa kichwa juu. Alishangaa jinsi yule mwanamke alivyokuwa mchangamfu mwanzoni, anavyowatania wapangaji, anavyosema uongo wake wa kwanza kwa neno moja tu, la kupitisha siku. Alipofika kunjo la tatu akapita upesi, alilijua. Kwenye kunjo la tano alikuta lile la kufuta mdomo na akaona kwamba Bi Miwani alisema kweli, na kwamba kweli ya Bi Miwani haikumsaidia mtu kitu. Wote mezani walikisoma kitabu kama askari. Wanatafuta uongo uko wapi. Hakuna aliyeuliza sinia lile alilipika kwa ajili ya nani, mara mbili kwa siku, na chumvi ya kiasi gani.

Akafika kunjo la nane. Chumba kitupu. Majembe. Yote kama wifi alivyosimulia, mpaka ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa mwisho wifi hakuusimulia.

Watu wanachimba, na Bi Funguo amekalishwa kwenye ngazi, mikono imefungwa. Anainua macho, na juu ya migongo yao, nje ya uzio, anamwona mdogo wake. Amesimama na kifuko chake. Amesikia habari, amekuja. Ni hatua ishirini tu aingie aseme, mimi hapa, ni mzima. *Nilimwona,* anasema Bi Funguo, *naye aliniona.* Mdogo mtu akavuta mtandio usoni, akaendelea na safari yake.

Kitabu kimeishia hapo kweli.

Mama Dokta alikiweka kitabu mapajani. Nje mtu alikuwa anapiga zulia kwa fimbo. Alizihesabu siku: wifi alikuwa ameukunja ukurasa huu mara elfu tatu kabla ya kuitwa ofisini. Mara elfu tatu alikuwa amemwona yule mwanamke nje ya uzio. Kisha akaenda akasimama kizingitini.

Aliwaza wale wajukuu watatu. Alijaribu kuwaza kama yeye angekuwa na wajukuu watatu. Aliomba Mungu amtoe kinyongo, na Mungu, ambaye hana haraka na mtu, siku ile hakumtoa.

Siku ya ibada, saa ile ile ya miaka yote, mlango ulibishwa mara mbili.

"Hodi, wifi."

Alitandika kitanda kwanza, muda wa kutosha mtu kuondoka. Nyayo hazikuondoka. Akafungua.

Wifi alikuwa amevaa viatu vyake vya ibada, mwavuli mkononi ingawa mbingu zilikuwa nyeupe. Macho yakamwendea kwenye kitabu juu ya kitanda.

"Umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, wifi yangu."

Mwenzake akatazama viatu. Mama Dokta alijitanda, akafunga mlango wake, akatia ufunguo ndani ya leso. Wakatoka.

Walitembea bega kwa bega kama siku zote, na katikati yao pangepita gari. Penye kona wakakutana na mama wa duka la dawa, amevaa vizuri, naye anaelekea ibadani, mtu wa salamu ndefu.

"Mama Dokta! Nimesikia umepumzika kazi. Ndio faida ya kuzaa hiyo. Na daktari wetu, hajambo?"

Mama Dokta alivuta pumzi. Kweli aliyokuwa nayo ilikuwa moja, ameshaitoa mara moja ofisini, akabaki nayo mkononi kama kitu kibovu kilichokataliwa dukani. Hata hivyo alivuta pumzi, alitaka kuisema tena.

Wifi akamtangulia.

"Hajambo kabisa," alisema, sauti nyororo, machozi yale yale yakimtiririka. "Ijumaa kapiga."